Mwajiri akikuagiza umcheleweshee mgonjwa rufaa na umnyime karatasi ya vipimo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mwaka juzi nilihitimu optometria, yaani fani ya kupima macho na kuandika vipimo vya miwani, nina leseni, na sasa nimeajiriwa katika kituo cha macho ambacho pia kinauza miwani. Mwenye kituo si mtu wa taaluma yetu. Ameniagiza nisimpe mgonjwa karatasi ya vipimo mpaka anunue miwani kwetu. Wiki hii nilimpima mama wa miaka 46 nikakuta presha ya macho ni 27 kulia na 29 kushoto. Nilipotaka kumwandikia rufaa niliambiwa aagize kwanza miwani, na rufaa ataipata siku ya kuja kuichukua. Kila mwezi napangiwa idadi ya lenzi za kuzuia mwanga wa buluu ninazotakiwa kuziuza. Siku nisipokuwepo, msaidizi asiye na leseni hupima kwa mashine nami husaini kesho yake. Sheria na maadili ya kazi yetu yanasemaje? Na nikiamua kuondoka, naruhusiwa kuchukua namba za simu za wagonjwa wangu?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na yule mama, ingawa wewe umemweka katikati ya barua, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kusubiri na yeye hapaswi kusubirishwa. Ikiwa mpaka unasoma jibu hili bado hajapata barua ya rufaa, mpigie simu leo, mweleze ulichokiona kwa maneno anayoyaelewa, na umkabidhi barua mkononi, iwe ameagiza miwani au hakuagiza. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye jibu hili tuzungumze sheria.

Sisemi kwamba mama huyo ana glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Kipimo kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo watu wenye presha ya 27 ambao mishipa yao ya fahamu ya macho ni mizima miaka nenda miaka rudi, na konea (kioo cha mbele cha jicho) ikiwa nene hupandisha namba bila ugonjwa wowote kuwapo. Vilevile wapo wenye presha ya 16 ambao wanapoteza uwezo wa kuona taratibu. Kipimo kimoja hakimthibitishii mtu ugonjwa. Ila kazi yako katika hatua hiyo haikuwa kuthibitisha ugonjwa. Ilikuwa kutambua kwamba umefika mahali ambapo jibu linahitaji mtu mwenye uwezo mwingine, na kumfikisha mgonjwa kwake kwa wakati. Kama jicho haliumi, si jekundu, na haoni duara za rangi kuzunguka taa, hiyo si dharura ya saa ile ile. Lakini pia si jambo la kufungwa pamoja na risiti ya fremu. Mtu anayehisi kwamba macho yake hayana tatizo anaweza kughairi miwani, anaweza kusafiri, anaweza kumtuma mtoto aje kuichukua. Na uoni unaopotea kwa glakoma haurudi hata matibabu yakianza.

Mahakama zimekwisha kuyatazama mambo ya namna hii, na mashauri mawili yanafaa kujulikana na kila anayeshika tochi ya kupimia macho, hata kama hukumu zake hazifungi mahakama za nchi yako.

La kwanza ni la Helling dhidi ya Carey, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1974. Mwanamke mmoja alianza kuhudumiwa mwaka 1959 kwa tatizo la kutoona mbali, akapewa lenzi za kuvaa ndani ya jicho (contact lenses), na kwa miaka kadhaa akawa analalamika kuwashwa na kusumbuliwa na macho. Waliomhudumia, ambao walikuwa madaktari bingwa wa macho, waliyahusisha malalamiko yake na lenzi. Presha ya macho yake ilipimwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1968, akiwa na miaka 32, na wakati huo alikuwa amekwisha kupoteza karibu uoni wote wa pembeni. Mashahidi wa kitaalamu wa pande zote mbili walikubaliana kwamba desturi ya taaluma haikuhitaji kumpima presha mtu aliye chini ya miaka 40. Mahakama ilisema desturi hiyo haikutosha kuwa kinga, kwa kuwa kipimo chenyewe ni rahisi, hakina madhara, na kinachopotea kisipofanyika ni uoni wa mtu. Uamuzi huo ulilalamikiwa sana na wataalamu, na hadi leo wapo wanasheria wanaouona kuwa ulikwenda mbali mno. Nakutajia kwa sababu moja: ikiwa kujitetea kwa desturi ya taaluma nzima kuliweza kushindwa, jiulize kujitetea kwa agizo la meneja kutafika wapi. Wale hawakujua presha ya mgonjwa wao. Wewe unaijua, na umeiandika kwenye faili.

Shauri la pili ni zito zaidi, nalo lilimhusu mtaalamu wa optometria wa Ipswich, Uingereza. Mwezi Februari 2012 alimpima mtoto katika uchunguzi wa kawaida. Picha za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zilikuwa zimepigwa na msaidizi kabla mtoto hajaingia chumbani, na picha hizo zilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho, dalili kwamba shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani bila rufaa. Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 8, alifariki kwa sababu ya maji kujaa kichwani. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilimtia mtaalamu hatiani kwa kuua bila kukusudia kutokana na uzembe mkubwa, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba, kwa kosa hilo la jinai, hatari ya kifo iliyo wazi na nzito inapimwa kwa yale ambayo mtaalamu alikuwa akiyajua wakati ule, si kwa yale ambayo angeyajua kama angetimiza wajibu wake wa kutazama ndani ya jicho.

Wenzetu wengi walishusha pumzi siku hiyo na wakaishia hapo. Soma kwa makini kidogo. Mahakama ilieleza pia kwamba haihalalishi uzembe uliofanyika, na kwamba hatua za baraza la taaluma ni suala jingine lenye vigezo vyake. Hoja iliyomwokoa mtaalamu yule ilisimama juu ya kutojua. Mtu aliyeona, akaandika, kisha akaizuia rufaa hadi siku ya kuchukua miwani, hawezi kuiegemea hoja hiyo hata chembe.

Kuna jambo dogo katika shauri hilo ambalo halinitoki kichwani. Katika kueleza kilichotokea, ulizungumzwa uwezekano kwamba picha alizozitazama zilikuwa za uchunguzi wa mwaka uliotangulia. Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa pili wa kazi, niliwahi kumweleza mzee mmoja kwamba jicho lake la kushoto ni zima huku kwenye skrini ikiwa imebaki picha ya mgonjwa aliyemtangulia. Nilishtuka tu kwa kuona kovu dogo karibu na kitovu cha retina ambalo sikuwa nimeliona kwa lenzi dakika mbili kabla. Tangu siku hiyo, kabla sijaitazama retina yenyewe, husoma kwa sauti jina na tarehe iliyoandikwa kwenye kona ya picha. Wagonjwa wengine hudhani ninazungumza nao na huitikia.

Sasa kuhusu faili la yule mama. Andika kilichopo, kwa mfano: “Presha ya macho: kulia 27, kushoto 29, saa 4:20 asubuhi. Ameelezwa kuwa anahitaji kuchunguzwa na daktari bingwa wa macho kwa kuhofia glakoma. Amekabidhiwa barua mkononi.” Ongeza ulivyokiona kichwa cha mshipa wa fahamu katika kila jicho na konea ilivyo, na muda uliompa. Kama barua ilichelewa, andika ilichelewa na andika tarehe ya kweli. Usirudi nyuma kupanga upya maandishi ya siku ile. Faili lililorekebishwa kimyakimya huwa kosa jipya, na mara nyingi huadhibiwa kwa ukali kuliko lile la kwanza, kwa sababu la kwanza lingeweza kuwa uzembe na la pili ni udanganyifu.

Hukutaja nchi uliyopo, kwa hiyo siwezi kukunukulia kifungu. Hilo halina ubaya mkubwa, kwani sheria za optometria, popote zilipo, zina mifupa inayofanana. Jimbo la Minnesota nchini Marekani ndilo lililotangulia kutunga sheria ya kusajili wataalamu hawa, mwaka 1901, na kufikia mwaka 1924 majimbo yote yalikuwa na sheria yake. Uingereza ilitunga Sheria ya Wataalamu wa Miwani mwaka 1958 na kuunda baraza la kusimamia, yaani General Optical Council, kisha ikaiunganisha upya sheria hiyo mwaka 1989. Afrika Kusini inaisimamia optometria kupitia bodi iliyo chini ya Sheria ya Taaluma za Afya namba 56 ya mwaka 1974. Nigeria iliunda bodi yake ya usajili mwaka 1989. Na India iliijumuisha optometria katika sheria yake ya taaluma za afya shirikishi ya mwaka 2021. Ukizisoma sheria hizo utakuta mambo yaleyale yakirudi: nani anaruhusiwa kujiita kwa jina la taaluma, kazi ipi haifanywi ila na aliyesajiliwa, nani anatunza daftari la majina, na nani ana mamlaka ya kulifuta jina.

Zinapotofautiana sana ni kwenye mpaka wa kazi. Matone ya kupanua mboni, ambayo leo mwanafunzi huyashika katika mwaka wake wa pili au wa tatu, yaliruhusiwa kisheria kwa wataalamu wa optometria wa Marekani kwa mara ya kwanza katika jimbo la Rhode Island mwaka 1971, na dawa za kutibu ziliruhusiwa West Virginia mwaka 1976. Yapo majimbo ambako mtaalamu wa optometria hufanya baadhi ya matibabu kwa leza, na zipo nchi ambako akitoa dawa ya matone tu amevuka mpaka. Kwa hiyo usiende kwa mazoea ya chuoni wala kwa video uliyoiona ya mwenzako wa nchi nyingine. Isome sheria ya nchi yako pamoja na kanuni zake, maana mpaka mara nyingi umeandikwa kwenye kanuni.

Lakini katika mifupa hiyo lipo jambo linalojibu zaidi ya nusu ya barua yako, nalo ni kwamba anayesajiliwa ni mtu. Jina lililo kwenye daftari la baraza ni lako, na anayeitwa kujieleza mgonjwa akidhurika ni wewe. Mwenye kituo anaweza kukupangia saa za kufungua, rangi ya koti, aina ya fremu, na hata muda wa kila mgonjwa kwa kiasi fulani. Hana uwezo wa kukupangia ulichokiona ndani ya jicho wala unachopaswa kufanya baada ya kukiona. Baadhi ya nchi na majimbo yamekwenda hatua zaidi na kumzuia asiye mtaalamu kumiliki huduma ya upimaji. Mengine yameruhusu umiliki huo lakini yakaiwajibisha biashara yenyewe: baraza la Uingereza lina viwango vya maadili kwa biashara za macho vilivyoanza kutumika Oktoba 2019, ambavyo pamoja na mengine vinaitaka biashara ihakikishe malengo ya mauzo hayaathiri huduma ya mgonjwa. Angalia kama nchi yako inasajili vituo. Ikiwa inasajili, mwajiri wako naye ana leseni ya kupoteza, na mazungumzo yenu yatabadilika sauti.

Nije kwenye karatasi ya vipimo. Hapa sheria nyingi zimekuwa wazi kupita kawaida, na sababu yake ni ya kibiashara kuliko ya kitabibu: ukishamnyima mtu karatasi, umemfungia soko. Nchini Marekani tume ya biashara ya serikali kuu ilitoa kanuni mwaka 1978 inayomtaka anayepima kumpa mgonjwa nakala ya vipimo vya miwani mara tu uchunguzi unapomalizika, hata kama mgonjwa hakuiomba. Haruhusiwi kuifunga na ununuzi, haruhusiwi kutoza malipo ya ziada kwa ajili ya karatasi yenyewe, na haruhusiwi kumtaka mgonjwa asaini kwamba akinunua kwingine asilaumu mtu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1989 nayo inamtaka anayepima kutoa, papo hapo baada ya kupima, maandishi yenye vipimo au tamko kwamba miwani haihitajiki, na kama amempa rufaa, maandishi yanayosema hivyo. Zingatia hilo la mwisho: huko rufaa na karatasi hutoka chumbani pamoja na mgonjwa, kabla hajafika kwenye rafu za fremu.

Mwajiri wako pengine atakuambia kwamba karatasi ni mali ya kituo kwa sababu mashine na chumba ni vyake. Mjibu kwa upole kwamba mgonjwa amelipia uchunguzi, na karatasi ndiyo matokeo ya uchunguzi alioulipia. Anayo haki ya kutaka ada ya uchunguzi ilipwe kwanza, ikiwa ndivyo anavyofanya kwa wote, anayenunua na asiyenunua. Hilo ni halali karibu kila mahali. Hana haki ya kugeuza karatasi kuwa rehani. Na kama nchi yako haina kifungu chochote kuhusu jambo hili, kanuni za maadili za baraza kwa kawaida zitakuwa na sentensi inayokutaka kutanguliza maslahi ya mgonjwa na kuheshimu uhuru wake wa kuchagua. Sentensi hiyo inatosha.

Kuna ubishi mmoja wa kweli humo, nao ni umbali kati ya mboni mbili. Sheria nyingi hazimlazimishi anayepima kuuandika, kwa kuwa kwa asili ni kipimo cha anayetengeneza miwani. Wapo wanaouficha kwa makusudi ili mgonjwa asiweze kuagiza kwingine. Msimamo wangu ni kwamba kama umeupima, uandike. Kama hukuupima, huna deni. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho zina hesabu yake: karatasi yake haikamiliki mpaka uzijaribu kwenye jicho, uone zinavyokaa, na mgonjwa afundishwe kuzivaa, kuzivua na kutozigusisha maji ya bomba, kwa hiyo kutompa mtu karatasi ya lenzi hizo siku ya kwanza si lazima kuwe kumnyima haki. Lakini mweleze sababu.

Kuhusu malengo ya mauzo, nitakuwa muwazi kwamba sioni aibu yoyote katika kuuza miwani. Mgonjwa anayetoka na vipimo sahihi akaishia kuvaa miwani mibovu hajasaidiwa, na mtaalamu anayejiona yu juu mno kuzungumzia fremu humwacha mgonjwa mikononi mwa mtu asiyejua lenzi. Mgongano wa maslahi katika kazi yetu umejengwa ndani ya nyumba: anayesema unahitaji miwani ndiye anayeiuza. Sheria nyingi zimeukubali mgongano huo uwepo, zikaweka sharti kwamba ushauri utokane na jicho.

Mahali unapojulikana ukweli wako ni kwenye robo dayopta (dayopta ni kizio cha nguvu ya lenzi). Mgonjwa amekuja kwa ukaguzi wa kawaida, halalamiki chochote, miwani yake haina mikwaruzo, na wewe umepata tofauti ya 0.25 kwenye jicho moja. Ukimpima tena kesho asubuhi unaweza kuipata au usiipate, kwa sababu upimaji unaotegemea majibu ya mgonjwa una mchezo wa kiasi hicho na zaidi. Kumwambia “macho yako yamebadilika” ni kusema kweli kwa namna ya kudanganya. Mwambie: “Kuna tofauti ndogo sana, miwani uliyonayo inakutosha, ukipenda kubadilisha fremu, basi tutaweka namba mpya.” Wengine watabadilisha. Wasiobadilisha watarudi mwakani, na mara nyingi huja na ndugu zao.

Lenzi za kuzuia mwanga wa buluu nazipa hukumu fupi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, yalihitimisha kwamba huenda lenzi hizo hazipunguzi uchovu wa macho wa muda mfupi kwa watu wanaotumia kompyuta, ukilinganisha na lenzi za kawaida, na hayakupata ushahidi wa kuonyesha kwamba zinailinda retina. Mgonjwa akizitaka mwenyewe, muuzie, ni haki yake. Ukimwambia zitamkinga na upofu ili ufikishe idadi ya mwezi, umetoa maelezo ya kitaalamu yasiyo na msingi, na hapo umekiuka maadili ya taaluma na, katika nchi nyingi, sheria ya kumlinda mlaji pia. Idadi iliyopangwa ukutani haitakutetea, kwa sababu aliyeyasema maneno yale kwa mgonjwa ni wewe.

Suala la kusaini vipimo vya msaidizi nimeliacha hadi hapa kwa sababu halina pande mbili. Acha kuanzia kesho. Mashine ya kupima yenyewe hutoa makadirio ya kuanzia kazi. Kwa mtoto hasa, ambaye jicho lake hujikaza likitazama karibu, inaweza kumpa namba za kutoona mbali ambazo hana kabisa, na ukizisaini umempa miwani asiyoihitaji. Zaidi ya hapo, sahihi yako ni tamko kwamba umempima mtu huyu. Kama hukumwona, tamko ni la uongo, na ni vigumu kuliita jina lingine mbele ya baraza. Kukaimisha kazi kunaruhusiwa: msaidizi anaweza kupiga picha, kupima presha ya jicho kwa mashine ya kupuliza hewa, kuchukua vipimo vya mashine, ilimradi amefundishwa, upo, unayatazama matokeo na kumwona mgonjwa mwenyewe. Katika nchi ambako upimaji wa macho umehifadhiwa kwa waliosajiliwa, msaidizi wako anatenda kosa la jinai kila siku usipokuwepo, na wewe unamsaidia. Mweleze na yeye hilo, maana huenda hajui, na huyo naye ana familia.

Utamkataliaje mwajiri bila kupoteza kazi siku hiyo hiyo? Usianze kwa kumtishia na baraza. Omba kikao, kisha siku hiyo hiyo mwandikie barua fupi au ujumbe unaobaki, ukitaja mambo matatu au manne kwa lugha tulivu: kwamba kuanzia tarehe fulani kila mgonjwa atapewa karatasi yake akimaliza kupimwa, kwamba rufaa zitatolewa hapo hapo, kwamba hutasaini vipimo vya watu ambao hukuwapima, na kwamba unafanya hivyo kwa kuwa leseni yako inakutaka. Ambatanisha nakala ya kanuni za maadili, na utie alama kwenye ukurasa husika. Wamiliki wengi wasio wa taaluma hawajawahi kuuona ukurasa huo. Nimeshuhudia zaidi ya mmoja akibadilisha utaratibu baada ya kuusoma, kwa sababu aliona hasara itakayomfika yeye. Tunza nakala ya barua hiyo mahali pasipo kituoni, bila jina la mgonjwa yeyote ndani yake. Agizo likiendelea na wagonjwa wakiwa hatarini, kuliarifu baraza kunageuka kuwa wajibu, na kanuni nyingi za maadili zinamhesabu aliyejua akanyamaza kuwa mshiriki. Kabla ya hatua hiyo, zungumza na chama chenu cha wataalamu au mwanasheria wa masuala ya ajira, kwani ulinzi wa anayetoa taarifa hutofautiana sana kati ya nchi na nchi.

Swali lako la mwisho, kuhusu namba za simu, lina jibu ambalo hutalipenda. Wewe unawaita wagonjwa wako, na kwa upande wa wajibu ni wako kweli. Lakini kumbukumbu zao, namba zikiwemo, zinatunzwa na kituo kwa idhini waliyoitoa ili wahudumiwe hapo. Ukizinakili kwenye simu yako ukaondoka nazo, umevunja siri uliyokabidhiwa, na nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayolitaja jambo hilo kuwa kosa. Mkataba wako wa ajira unaweza pia kuwa na kifungu cha kukukataza kuwatafuta, basi usome kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Mgonjwa akikuuliza unakwenda wapi, unaweza kumjibu, isipokuwa mkataba umekukataza. Akitaka nakala ya faili lake aende nalo anakotaka, aiombe kituoni mwenyewe kwa maandishi. Unachoweza kufanya kabla ya siku ya mwisho ni kupitia orodha ya uliowapa rufaa ambao majibu yao hayajarudi, uikabidhi kwa maandishi kwa atakayeshika nafasi yako, na jina la yule mama wa miaka 46 liwe la kwanza mpaka utakapopata uhakika kwamba ameonwa.